Mafuta Kati ya Maji Mawili

Baraka, saa kumi na moja jioni, boti yako ni kesho

Sifa mwanangu,

Salamu sikuandikii nyingi. Tumesalimiana asubuhi, tumesalimiana mchana, na sasa hivi umenipita hapa barazani ukisema, "Papa, naenda kuaga shangazi, sitakawia." Kwa shangazi yako hakuna kutokawia. Atakupa chai, atakupa ndakala, dagaa wetu hawa, za kukaanga, atalia kidogo, kisha atakupa chai tena. Kwa hiyo nina saa moja, labda moja na nusu, nami nimeingia chumbani, nimekaa kwenye meza yangu ya kusahihishia madaftari.

Mambo ya safari sitayagusa. Neti, dawa ya malaria, usisinzie na simu mkononi ndani ya boti, ukifika Kalemie mpigie mjomba kwanza ndipo ule: mama yako ameshayasema yote, na kesho ufukweni atayasema tena kwa sauti ya kusikika mpaka Kazimia. Mimi nina jambo moja tu. Nilipaswa kukuambia miaka saba iliyopita. Sikukuambia, na likikaa zaidi ya leo litakuharibia kazi yako.

Jumapili mlikuwa jikoni wewe na mama yako, mnatwanga sombe, majani ya muhogo. Mimi nilikuwa nyuma ya dirisha na kikombe changu, na sikuwa nasikiliza, lakini masikio hayana mlango. Mama yako akakuuliza umechagua nini katika zile kazi mbili alizokuandikia profesa wa Lubumbashi. Ukasema, "Mi nitachagua kompyuta, mama. Ile ya mafuta na asidi sitaiweza. Mikono yangu iko mibaya, unajua. Tangu siku ile ya bageni." Mama yako akasema, "Siku ile ulikuwa mutoto." Nawe ukamjibu: "Mutoto ao mukubwa, mikono ni ile ile."

Chai yangu ilipoa mkononi, Sifa.

Barua ya profesa nimeisoma mara nyingi kuliko wewe, najua imeandikwa nini. Kazi ya kwanza ni mezani, maabarani: kuchukua maji yaliyochacha, ya muhogo au ya miwa, na kuvuna asidi iliyomo kwa utando wa kimiminika, mafuta kati ya maji mawili. Kazi ya pili ni kukaa mbele ya kompyuta na kupiga hesabu za vitu ambavyo wenzako watakuwa wanavigusa. Ukifika utamjibu. Kama ungekuwa unachagua kompyuta kwa sababu unaipenda, ningefunga mdomo wangu na kukuombea heri. Lakini unaichagua kwa sababu ya siku ile, na siku ile wewe huijui. Ninayeijua ni mimi. Subiri, nitafika. Unajua baba yako hawezi kueleza hata bei ya chumvi bila kuanzia Lubondja.

Mama yangu, Koko wako ambaye ulimkuta amekwisha kuzeeka, alikuwa mtu wa muhogo. Pale Lubondja kila nyumba ililowesha muhogo, lakini wa kwake ulijulikana: unga mweupe, bugali unaovutika, uchachu wa kiasi chake. Siri yake ilikuwa kwenye pipa. Hakuliosha hata siku moja. Kila akitoa muhogo uliolainika alimwaga maji, lakini aliacha kibuyu kimoja cha maji ya zamani chini kabisa, akisema pipa lisisahau kazi. Muhogo mpya ulioingia humo, siku ya tatu ulikuwa laini, unabonyea kwa kidole.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nilikuwa nimeanza sekondari huku Baraka na nimesikia darasani habari za vijidudu. Basi! Mtaalamu amerudi likizo. Nikaliona pipa la mama linanuka, lina utelezi, nikalisugua kwa sabuni na mchanga mpaka likang'aa, nikalianika juani, nikajisifu peke yangu. Mama akaloweka muhogo. Siku ya tatu mgumu. Siku ya tano bado mgumu, na unatoa harufu ambayo siyo. Akatuita watoto wote watano mbele ya pipa. Hakupiga kelele. "Nani alinawisha pipa yangu?" Nikasema, "Ni mimi, mama." Akanitazama kuanzia utosini mpaka kwenye vidole vya miguu. "Bon. Umesema. Sasa enda kwa jirani, umuombe kibuyu ya mayi yake, na umuelezee ni juu ya nini." Nikaenda. Jirani alicheka mpaka akakaa chini, na likizo nzima kijiji kiliniita Bwana Sabuni. Adhabu yote ilikuwa hiyo.

Sikuandikii haya kwa ajili ya pipa. Nataka ujue kwamba nikiwa na miaka kumi na minne nilijua kusema "ni mimi." Neno hilo nilikuwa nalo. Lilinipotea baadaye, bantu walipoanza kuniita Prof.

Wewe ulizaliwa ng'ambo, upande wa Kigoma, kambini, na huko ndiko Kiswahili changu kilikovaa hivi viatu vya ngozi mnavyovicheka wewe na wenzako. Tuliporudi tukapanga nyumba hii, mama yako akaanza kulowesha muhogo wa kuuza na kupika sabuni ya mawese. Nyumba ilinuka vitu hivyo viwili toka asubuhi hadi jioni. Wageni walikunja pua. Mimi leo nikipita mahali penye harufu ile, moyo unanirudisha miaka ile pale pale, nakuona una meno machache na magoti yenye vidonda. Ulikuwa mtoto wa kuonja kila kitu. Uliramba chaki yangu. Uliramba betri ya redio ukaniambia inauma ulimi. Siku moja mama yako anamwaga maji ya muhogo mferejini, ukachovya kidole, ukaramba, uso ukakunjika, ukaniuliza: "Papa, ule uchachu unaendaka wapi?"

Nikasema unaenda ziwani.

"Na mu ziwa unafanya nini?"

Nikasema unapotea tu. Ukakasirika. Haki ya Mungu ulikasirika kweli, mikono kiunoni kama mama yako mwenyewe: "Sasa juu ya nini munaacha kitu kipotee?"

Mwalimu wa kemia, nikakosa jibu mbele ya mtoto asiye na meno ya mbele. Nilicheka siku ile, nikakubeba mabegani mpaka ufukweni. Ungejua ninavyoitamani siku ile sasa hivi, na begi lako liko hapo mlangoni limefungwa kwa kamba.

Uliponiuliza tena ulikuwa na miaka kumi na saba, nami nilikuwa na nusu ya jibu. Nilikuambia kwamba kutengeneza uchachu si kazi, hata muhogo peke yake unajua. Kazi ni kuutoa. Asidi imo humo pamoja na tope, vijidudu, wanga na maji mengi. Ukichemsha, maji yanaondoka na asidi inabaki na takataka zake zote. Ukitia chokaa unaipata, lakini unabaki na lundo la tope la chokaa lisilo na kazi. Nikakuambia nimesoma mahali kwamba kuna watu wanaoweka mafuta katikati. Upande huu maji machafu yenye asidi, upande ule maji safi ya magadi au ya majivu, na baina yao mafuta. Maji hayapiti kwenye mafuta, uchafu haupiti. Lakini asidi nyingine huingia ndani ya mafuta, ikavuka, na ikifika ng'ambo ikakutana na majivu inageuka chumvi, na ikishakuwa chumvi hairudi tena. Halafu ukahesabu kwa vidole: "Mawese iko. Majivu iko. Mayi ya muhogo iko. Tunangoja nini?"

Ah, Sifa. Zile zilikuwa siku nzuri kuliko zote katika nyumba hii.

Ulichukua bakuli la plastiki la mama yako, lile linaloonyesha vilivyomo ndani, ukasimamisha glasi katikati. Ndani ya glasi maji ya majivu yaliyochujwa, yametiwa maji mekundu ya maua ya bisapu yakawa ya kijani, nayo yangerudi kuwa mekundu asidi ikivuka ya kutosha. Nje ya glasi, kuizunguka, maji ya muhogo, yasifike mdomo wa glasi. Kisha ukamimina mawese juu ya vyote viwili, polepole kwa kijiko, mpaka mafuta yakafunika glasi na bakuli kama mfuniko mmoja mwekundu. Daraja lilikuwa hilo. Uliliweka mahali palipo na joto ili mawese yasigande, ukawa unayakoroga kwa unyoya wa kuku, huku ukinifukuza: "Papa, unapumua sana, toka hapo." Kuku wa jirani alipopita chini ya meza ulimtazama kwa namna ambayo aliondoka mwenyewe.

Siku ya tatu ulishusha bomba la kalamu mpaka ndani ya glasi, ukafyonza matone machache, ukanusa, ukapiga yowe mpaka mama yako akaja na mwiko. "Papa, inanuka!" Ile harufu ya muhogo iliyokuwa nje sasa ilikuwa ndani ya glasi, na hakuna tone la maji lililovuka. Rangi ilikuwa karibu ile ile, kijani kimefifia kidogo tu. Ukaandika kwenye daftari lako: "Harufu imevuka. Uchachu bado."

Leo unajua kwa nini kuliko mimi. Ulinieleza mwenyewe mwaka huu, hapa hapa mezani, kwamba asidi ile inayonuka kama siagi iliyooza inapenda mafuta na inavuka bila msaada, ila ile nzuri, ile iliyomo kwenye maziwa ya mgando ya wafugaji wa huko juu milimani, haiyataki mafuta. Hiyo inahitaji mbebaji, molekuli ya kuishika mkono upande huu na kuiachilia upande ule. Sisi mbebaji hatukuwa naye. Uliponieleza nilitikisa kichwa kama mtu anayejifunza, lakini moyoni nilikuwa nalifikiria lile daftari. Ulichokiandika ukiwa na miaka kumi na saba, kwa unyoya wa kuku na kalamu, kilikuwa kweli tupu. Bakuli lile halikuwa limeshindwa. Lilikuwa linafanya kazi sawasawa na uwezo wake.

Aliyeshindwa kungoja ni mimi.

Shule ilikuwa na siku ya wageni. Mkaguzi anakuja, na pamoja naye bwana mmoja wa chuo kikuu. Mimi nilikuwa nimeshatangaza kwa prefe, mkuu wetu wa shule, na kwa walimu wenzangu, kifua mbele: binti yangu anavuna asidi kwa mawese. Nilitaka waone kitu. Harufu haionekani, na nani atamwambia mkaguzi ainame anuse? Nilitaka rangi igeuke kwenye glasi, bantu waseme aaah. Nilitaka waseme Prof huyu ana akili, tazama mtoto wake. Angalia mpangilio wa maneno hayo. Prof kwanza, mtoto nyuma.

Mchana wa siku iliyotangulia wewe ulikuwa kwaya, mama yako sokoni. Nikachukua bati lake, lile kopo la soda ya kupikia sabuni. Nikajiambia: majivu ni dhaifu, soda ni kali, kikali kitavuta zaidi. Nikayeyusha vijiko viwili, nikapitisha ile soda kwa bomba chini ya mafuta mpaka ndani ya glasi yako. Mwalimu wa kemia! Hata kama ingevuta, rangi ingezidi kuwa ya kijani, isingekuwa nyekundu maisha. Na mawese yetu haya ya kukamuliwa kijijini, yaliyokaa juani wiki nzima, yamejaa asidi za mafuta zinazongoja soda tu ziwe sabuni. Mwanafunzi wangu yeyote angejua. Mama yako, ambaye hajakaa darasa la kemia hata siku moja, anajua, ndiyo kazi yake kila wiki. Mimi sikujua kwa saa ile, kwa sababu nilikuwa namtazama mkaguzi ambaye alikuwa hajafika bado.

Nikafunika bakuli lote kwa kitambaa, juu mpaka chini. Ulipouliza nikasema usifunue, mwanga utaharibu rangi, tutafunua mbele ya wageni. Nilitaka na wewe ushangae.

Asubuhi ulikataa pikipiki, moto kama tunavyoziita huku. "Mutu wa moto atatikisa," ukasema, ukalibeba bakuli kifuani kwa mikono miwili kutoka hapa mpaka shuleni. Mimi nilikuwa nyuma yako njia nzima. Ulitembea kama mama aliyebeba mtoto aliyelala. Wenye baiskeli walikupisha. Mwanamke mmoja akauliza umebeba nini, hukugeuka. Kwenye daraja lile la mbao ulivua viatu. Nimeona kwa macho yangu, Sifa, na ninasema kama shahidi mbele ya mahakama: hukutikisa. Wala mara moja.

Shuleni, mbele ya wageni, ukafunua kitambaa. Mafuta hayapo, maji hayapo, glasi imezama ndani ya uji wa njano wenye povu. Mwalimu mmoja akasema, "Eh, Prof, mumetupikia sabuni?" Walicheka wote, hata mkaguzi, kicheko chepesi tu, cha watu wasio na ubaya. Hukuwatazama. Ulinitazama mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa najua mambo. Nami nilikuwa nimejua tangu kitambaa kilipoinuka, harufu ya sabuni ilinipiga usoni. Nilikuwa na muda wa kutosha. Neno lenyewe ni fupi. Nikafungua mdomo nikasema, mbele ya watu wote wale:

"Umetikisa, Sifa. Nilikuambia usitikise njiani."

Ukasema, "Pardon, Papa."

Wewe ndiye uliyeniomba mimi msamaha. Nimelala na neno hilo miaka saba. Nakuambia bila kupamba: hakuna jambo nililowahi kulifanya ambalo ninalionea aibu kama hilo, na nimeishi vita, nimeishi kambi, nimeona watu wakifanya mambo. Wengine walifanya kwa njaa. Mimi nilifanya kwa sababu watu wanne walicheka.

Nilidhani nitakuambia jioni ile. Jioni ukalala bila kula, nikasema atapumzika kwanza. Nikasema Jumamosi. Jumamosi ukanicheka kwa kitu fulani, nikasema ameshasahau, kwa nini nimrudishe huko? Halafu nikalikuta daftari lako kwenye takataka za kuwashia moto, nikalifungua. Kwenye ukurasa wa mwisho ulikuwa umeandika neno moja kwa herufi kubwa: NILITIKISA. Nikalificha kwenye sanduku langu. Hata hapo sikusema! Chuoni hapa ulipovunja bireti, ule mrija wa kioo wa kupimia, ukawaambia wenzako, "Munaona mikono yangu," na walipocheka, mimi niliyekuwa nimekuja kukutembelea nilicheka nao. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka saba bila shimo hata moja, tofauti na barabara zetu zote.

Kila mwaka jambo lile lilikuwa dogo zaidi kwangu. Jumapili ndipo nilipotambua kwamba kwako lilikuwa linakua. Mimi nilisema sentensi moja ili nisione haya robo saa, na wewe ukaichukua sentensi ile ukaifanya kuwa mikono yako.

Sina hotuba ya kukupa. Nimehubiri vya kutosha darasani, na sasa unaona aliyekuwa anahubiri ni nani. Labda mawili tu, kwa sababu yamenigharimu. Ukiharibu kitu kwenye maabara ile, na utaharibu, sema saa ile ile, wakati bado ni glasi tu iliyovunjika. Na mtu mwenye cheo akikuambia umetikisa, muulize aliona wapi. Muulize kwa heshima, lakini muulize. Ungeniuliza mimi siku ile, sijui ningejibu nini. Nadhani ningeanguka pale pale.

Kompyuta si mbaya. Ukifika huko, ukakaa, ukaona moyo wako uko kwenye hesabu, chagua hesabu na sitasema neno. Ila chagua ukiwa na mikono yako yote miwili, ile uliyozaliwa nayo. Mbebaji mtampata huko, wanavyo vitu vya kila namna, shaba yenyewe wanaitoa kwenye maji yake kwa mafuta. Utando wako utavunjika mara kumi kwa sababu zake halali. Mara hizo zitakuwa zako, nazo hazitakuumiza kama hii ya kwangu. Nilitaka kukufananisha na asidi inayovuka kwenda ng'ambo, nikaona ungenicheka. Tena kile kinachovuka kinageuka chumvi na hakirudi, na mimi nataka urudi.

Leo mchana nilimwambia mama yako. Alikuwa anakata sabuni kwa waya. Nikamweleza yote, nimesimama kama mwanafunzi aliyechelewa. Hakuacha kukata. "Mi najua," akasema.

Nikauliza unajua nini.

"Bati yangu ya soda ilipungua vijiko mbili mu siku moja. Mu nyumba tulikuwa batatu. Mi sikutia. Mutoto alikuwa ku kwaya."

Miaka saba, Sifa! Analala pembeni yangu, ananipikia bugali, anajua. Nikamuuliza kwa nini hakusema. "Haikukuwa yangu ya kusema. Nilikuwa nakungojea. Nimekungojea mpaka nimechoka na we." Nikamwambia nimeamua, nitaandika barua, nitaiweka ndani ya begi chini ya unga, uikute ukifika Lubumbashi. Hapo ndipo alipoweka waya chini.

"Aaa, hapana. Asome kule peke yake, bila muntu wa kumukasirikia? Umupe mu mukono. Na ukae hapo."

Nikasema, na akilia?

"Atalia. Na we utaona."

Mama yako hajawahi kunipiga, lakini hiyo ilikuwa karibu na kofi. Ana haki. Nilitaka tena kukuacha ubebe peke yako, safari hii mpaka Lubumbashi, ili nisiuone uso wako. Mwoga haponi upesi. Kwa hiyo barua haiendi kwenye begi. Utaisoma hapa, nami nitakuwa kwenye kiti cha mbele yako, na sitatazama dirishani. Ukitaka kunifokea, nifokee, majirani wasikie. Ukitaka kunyamaza mpaka kesho boti iondoke, nyamaza, nitakubebea mizigo hivyo hivyo. Sikuombi unisamehe leo. Msamaha wenyewe uliniomba wewe, na haukuwa deni lako.

Moto imesimama nje. Nasikia unamwambia mtu wa moto asante, nasikia unamwambia mama yako kwamba shangazi amelia mara mbili. Sasa unamuuliza niko wapi.

Mikono yako ni mizima, mwanangu. Mimi ndiye niliyeliharibu bakuli lile, peke yangu, nikiwa na akili zangu.

Mama yako anakuambia niko chumbani. Nasikia hatua zako. Usije wewe, kaa hapo hapo. Safari hii nakuja mimi.